Zamu Ndefu ya Wauguzi: Tukubali au Tukatae?

Ndugu wafanyakazi,

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya masaa ya kazi ya wauguzi. Pengine ndugu aliye kwenye miwa, au anayechuma chai, au anayesimama mbele ya mashine ya kusokota nyuzi, atauliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Wauguzi wana chama chao, na sisi tuna chetu. Jibu letu ni kwamba yanatuhusu sana. Katika mashamba makubwa na viwanda kadhaa vya hapa Uganda, zahanati au hospitali ni ya kampuni, na nesi anayekudunga sindano analipwa na tajiri yule yule anayekulipa wewe. Tena anayelala kwenye kitanda cha wodi usiku wa manane ni wewe, au mke wako, au mtoto wako. Ukikatwa na panga mguuni hutaki kushonwa na mtu anayesinzia.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa desturi, siku nzima ya zahanati hugawanywa katika zamu tatu za masaa 8. Ya kwanza huanza saa 1 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, ya pili saa 9 mpaka saa 5 usiku, na ya tatu saa 5 usiku mpaka saa 1 asubuhi. Sasa mahali pengine wasimamizi wamezifuta zamu hizo tatu wakaweka mbili za masaa 12, moja ya mchana na moja ya usiku, zote zikibadilishana saa 1. Nesi anaambiwa atafanya siku 4 tu katika wiki badala ya siku 6, maana masaa 12 mara 4 ni masaa 48, sawasawa na masaa 8 mara 6.

Wauguzi wenyewe wamegawanyika. Wengine wametujia wakituomba chama kisiingilie, kwa sababu zamu hiyo wanaipenda. Wengine wanasema chama kikinyamaza kitakuwa kimewauza. Tumewasikiliza wa pande zote mbili, na hapa tunatoa maoni yetu.

WANAOIPENDA WANA SABABU

Tuanze na wanaoipenda, maana si wajinga wala si vibaraka wa tajiri.

Sababu yao ya kwanza ni njia. Zamu zikiwa tatu, kuna mtu anayetoka saa 5 usiku na mwingine anayeingia saa hiyo hiyo. Wauguzi wengi ni wanawake. Anayeijua njia inayopita katikati ya miwa mirefu, bila taa na bila gari la kampuni, anajua kwa nini mwanamke anaiogopa saa 5 usiku. Nchi yetu inapitwa na mstari wa ikweta, na mwaka mzima jua linachomoza na kuzama karibu na saa 1. Zamu mbili zikibadilishana saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, nesi anakwenda na kurudi angalau kuna mwanga kidogo na watu wengine wapo njiani.

Sababu ya pili ni nauli. Anayekaa mbali humlipa mtu wa bodaboda kwenda na kurudi. Akienda kazini siku 4 badala ya 6, nauli ya siku 2 inabaki nyumbani ikanunua sabuni na chumvi.

Sababu ya tatu ni siku zenyewe. Siku 3 za kupumzika ni siku za kulima shamba lake, kufua, kwenda shuleni kwa mtoto aliyeitiwa mzazi, au kwenda kijijini kumwona mama mgonjwa na kurudi bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Sababu ya nne ni ya mgonjwa. Kila zamu zinapobadilishana, nesi anayetoka humweleza anayeingia habari za wagonjwa wote, nani amekunywa dawa, nani amekataa chakula, dripu ya nani imekwisha. Hapo ndipo maneno hupotea. Zamu mbili hubadilishana mara 2 kwa siku, zamu tatu mara 3. Na mama aliyeshikwa na uchungu asubuhi huenda akajifungua jioni mikononi mwa mkunga yule yule aliyempokea. Hilo ni jambo jema, na mama yeyote atakuambia hivyo.

Tuseme pia ukweli kwamba zamu za masaa 8 zikipangwa vibaya nazo zinaumiza. Tumeona ratiba inayomtoa nesi saa 5 usiku na kumtaka awepo tena saa 1 asubuhi inayofuata. Hayo ni masaa 8 kati ya kazi na kazi, na ndani yake lazima atembee, ale, aoge, alale, aamke, atembee tena. Kwa hiyo ndugu wasidhani kwamba masaa 8 peke yake ni kinga.

WANAOIKATAA NAO WANA SABABU

Sisi wa viwandani hatuhitaji kufundishwa masaa 12 ni kitu gani. Yeyote aliyewahi kufanya zamu hiyo miwa inapoingia na kinu hakisimami, anajua kwamba saa ya kumi na moja ya kazi si sawa na saa ya kwanza. Ni saa ile ile kwenye ukuta, lakini mkono ni mwingine na jicho ni jingine. Kiwandani mtu akisinzia hukatwa kidole chake mwenyewe. Wodini nesi akisinzia, anayeumia ni mwingine. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wa mtoto, na akikosea nukta moja katika hesabu, kipimo kinakuwa mara kumi.

Hayo si maneno yetu tu. Mwaka 2004 huko Marekani ulichapishwa uchunguzi wa wauguzi 393 walioandika katika daftari masaa waliyofanya kazi na makosa waliyofanya au waliyokaribia kufanya. Ilionekana kwamba zamu ikifika masaa 12 na nusu au zaidi, uwezekano wa nesi kukosea unakuwa mara tatu. Mwaka 2014 ulitoka mwingine wa nchi 12 za Ulaya, katika hospitali 488, walikoulizwa wauguzi zaidi ya 31,000. Wale wa zamu za masaa 12 na zaidi ndio waliosema kwa wingi kwamba usalama wa wagonjwa ni mbaya na kwamba kuna huduma waliziacha bila kuzifanya. Hizo ni nchi zenye vifaa na watu wengi kuliko sisi.

Halafu kuna jambo linalotufikirisha zaidi. Mwaka 2012, huko huko Marekani, ulichapishwa uchunguzi wa wauguzi karibu 23,000 katika majimbo manne. Zaidi ya wauguzi 80 katika kila 100 walisema wanaridhika na ratiba zao. Lakini wale wa zamu za masaa 10 na zaidi walikuwa wamechoka na kuichukia kazi, mpaka mara mbili na nusu ya wale wa zamu fupi. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtu anaweza kuipenda ratiba huku inammaliza. Sisi tunalijua hilo. Ni wangapi kati yetu wanaozikimbilia saa za ziada kwa sababu ya pesa, na mgongo unakwisha? Kwa hiyo tajiri akisema, "Waulizeni wenyewe, wanaipenda," anasema kweli, lakini hajamaliza maneno.

Tuangalie pia usingizi. Zamu inakwisha saa 1 jioni. Kukabidhi kunachukua nusu saa. Safari ya kurudi, tuseme saa moja. Amefika saa 2 na nusu usiku. Kupika, kuogesha watoto, kula, kulala ni saa 5. Ili awe kazini saa 1 asubuhi lazima aamke saa 11 alfajiri. Amelala masaa 6, na hapo hakuna mtoto aliyelia usiku. Afanye hivyo siku 4 mfululizo, siku ya nne ndiyo siku atakayokupokea wewe na mguu wako.

Na zile siku 3 za kupumzika? Wengi hawapumziki. Mshahara hautoshi, basi nesi anachukua kibarua katika kliniki ya mtu binafsi mjini. Hatumlaumu, kwa sababu ada ya shule haingoji. Lakini tusiziite siku za mapumziko wakati ni siku za kazi kwa tajiri wa pili.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Ndugu, ubishi huu hautakwisha kwa maneno. Tuchukue kalamu.

Wiki ina siku 7, siku ina masaa 24. Jumla ni masaa 168. Tuseme zahanati inataka awepo nesi mmoja wakati wote. Kila nesi afanye masaa 48 kwa wiki. Gawanya 168 kwa 48, jibu ni watu watatu na nusu. Nusu mtu hakuna, kwa hiyo ni wanne, na hapo bado hatujahesabu likizo, ugonjwa wala msiba.

Sasa badilisha zamu kutoka masaa 8 uweke masaa 12. Wiki bado ina masaa 168. Jibu ni lile lile, watu watatu na nusu. Kitu pekee kinachopungua kwa haki ni ule muda wa kukabidhiana. Kama kukabidhiana ni nusu saa, zamu tatu zinatumia saa moja na nusu kwa siku, na zamu mbili zinatumia saa moja. Tajiri ameokoa nusu saa kwa siku, yaani masaa matatu na nusu kwa wiki. Basi. Hakuna kingine.

Kwa hiyo msimamizi akija na karatasi akasema, "Tumeweka zamu ndefu, sasa wauguzi watatu wanatosha badala ya wanne," mwulizeni yule wa nne amekwenda wapi. Hakuondolewa na zamu ndefu. Kazi yake wamebebeshwa watatu waliobaki. Gawanya 168 kwa watatu, kila mmoja ana masaa 56. Mmoja akiugua wanabaki wawili, kila mmoja masaa 84, yaani zamu 7 za masaa 12 katika wiki ya siku 7.

Tumeliona jambo hili kwa macho yetu katika shamba moja, ambalo hatutalitaja. Waliahidiwa siku 4 za kazi na 3 za nyumbani, na miezi ya kwanza ahadi ilitimizwa na kila mtu alifurahi. Halafu mmoja akaenda likizo ya uzazi, mwingine akapata kazi mjini. Hakuna aliyeletwa kujaza nafasi zao. Waliobaki wakafanya usiku 6 mfululizo. Walipolalamika waliambiwa, "Zamu hii mliitaka wenyewe." Likizo ya uzazi haimshtukizi mtu. Sheria inampa mama siku 60 za kazi, na mimba inaonekana miezi mingi kabla. Aliyepaswa kutafuta mtu mwingine alikuwa na muda wa kutosha wa kumtafuta.

Tunaona hapo ndipo penye kiini cha mambo. Zamu ndefu yenye watu wa kutosha inaweza kuwa nafuu kwa nesi. Zamu ndefu isiyo na watu wa kutosha ni njia ya kuficha upungufu. Zamu tatu zikikosa mtu, pengo linaonekana, kitabu kina nafasi tupu na mkuu wa zahanati anapiga kelele. Zamu mbili zikikosa mtu, wanaobaki wanaombwa kuongeza siku moja tu, halafu moja tena, na kitabu kinaonekana kimejaa.

SHERIA INASEMAJE

Masaa 8 hayakushuka kama mvua. Mwaka 1919 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipokutana Washington kwa mara ya kwanza, mkataba wake namba 1 ulikuwa wa kuweka masaa 8 kwa siku na 48 kwa wiki katika viwanda, baada ya wafanyakazi wa nchi nyingi kupigania jambo hilo miaka mingi. Wauguzi walingoja mpaka 1977. Mwaka huo, pamoja na mkataba namba 149 juu ya wauguzi, lilitoka pendekezo namba 157. Linasema kazi ya kawaida ya nesi isipite masaa 8 kwa siku, isipokuwa pale ambapo sheria au makubaliano na chama yameweka mpango mwingine. Na hata hapo, pamoja na saa za ziada, isipite masaa 12. Kati ya zamu na zamu apumzike angalau masaa 12 mfululizo, na mapumziko ya wiki yasipungue masaa 36 kwa hali yoyote.

Pendekezo si sheria ya kumfunga mtu, lakini ni kipimo. Na lisomeni vizuri: masaa 12 ndiyo mwisho kabisa, saa za ziada zikiwa ndani. Zamu inayoanza na masaa 12 imekwisha kula kila kitu. Ukimbakiza nesi nusu saa kwa sababu mwenzake amechelewa, umevuka.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka masaa 48 kwa wiki. Kwa watu wa zamu inaruhusu siku fulani kuzidi, mradi wastani wa wiki 3 usipite kiasi kilichowekwa, na kiasi hicho kwa wiki ni masaa 56. Rudini kwenye hesabu yetu. Wauguzi watatu kwa nafasi moja ni masaa 56 kila mmoja. Wamefika ukingoni kabla hata mmoja hajakohoa. Sheria hiyo hiyo inasema saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na za siku kuu mara mbili. Nesi akiombwa "kusaidia" siku ya tano, huo si msaada. Ni saa za ziada, ziandikwe na zilipwe.

MSIMAMO WETU

Basi tukubali au tukatae? Hatuikatai zamu ya masaa 12 kwa sababu ni ndefu. Tukifanya hivyo tutakuwa tunamrudisha mama wa watu njiani saa 5 usiku. Lakini hatuikubali mpaka masharti yaandikwe katika mkataba wa hiari kati ya chama na mwajiri, yawekwe sahihi, na nakala ibandikwe ukutani kwenye zahanati.

Kwanza, idadi ya wauguzi iandikwe kwa tarakimu, si kwa maneno kama "wa kutosha". Kwa kila nafasi ya usiku na mchana, watu wasipungue wanne, na wa kujaza likizo awe juu ya hao. Idadi ikishuka kwa mwezi mzima, zamu ndefu isimame yenyewe mpaka watu waletwe.

Pili, zamu ndefu zisizidi 3 mfululizo, na mtu asitolewe usiku akaingizwa mchana bila siku nzima ya kulala katikati.

Tatu, zamu iishe inapokwisha. Anayechelewa asibebwe na mwenzake, abebwe na msimamizi aliyepanga.

Nne, pawe na muda halisi wa kula na wa kuketi, na usiku wasiwekwe peke yao. Nesi aliye peke yake masaa 12 hawezi hata kwenda chooni bila kuacha wagonjwa.

Tano, mwenye mimba na anayenyonyesha aruhusiwe kuchagua zamu fupi bila kupunguziwa mshahara wa kazi anayoifanya.

Sita, mpango ujaribiwe miezi 3, halafu wauguzi wenyewe wapige kura ya siri, bila msimamizi chumbani. Makosa ya dawa yaliyotokea katika miezi hiyo yahesabiwe mbele ya chama bila kutaja majina, ili watu wasiogope kuyasema.

Na jambo la gari tulitenganishe. Kama shida kubwa ya zamu tatu ni njia ya saa 5 usiku, kampuni yenye matrekta na malori ya kubeba miwa haikosi gari moja la kuwachukua wauguzi watatu. Mtu asilazimishwe kuchagua kati ya kuchoka na kuvamiwa.

Ndugu wafanyakazi, tunaomba kila tawi lililo na zahanati ya kampuni lifanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Waalikeni wauguzi, hata kama kadi zao ni za chama kingine. Hesabuni pamoja nao: nafasi ni ngapi, watu ni wangapi, kila mmoja alifanya masaa mangapi wiki iliyopita. Leteni hesabu hiyo kwa katibu, imeandikwa. Tukienda mezani na malalamiko, tutapewa chai na kuambiwa tungoje. Tukienda na hesabu, watalazimika kutujibu kwa hesabu.

Wala tusidhani tunawasaidia wauguzi kwa huruma. Mpango unaofaulu zahanati ya leo utapelekwa kwenye boila kesho, na kwenye kiwanda cha chai kesho kutwa. Tukisimama na nesi sasa, tumesimama kwa ajili yetu.

Umoja ni nguvu.